Jibu: Nimepata korona nikiwa na mimba ya miezi saba, mtoto atakuwa sawa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Pipeline hapa Embakasi, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari daktari. Niko na mimba ya wiki 29, ya kwanza. Siku 10 zimepita tangu nishikwe na homa, kikohozi na kichwa kuuma, pua ikakata harufu kabisa, nikapimwa hapa mtaani wakasema ni korona. Sai niko afadhali, nimebaki na uchovu. Mama mkwe anataka nijifukize na mwarobaini asubuhi na jioni, wifi naye anasema mtoto atazaliwa na kasoro na nisije nikamnyonyesha. Lakini kinachoninyima usingizi ni dadangu, Julai 2021 alipata korona akiwa wiki ya 33, hata hakulazwa, alafu baada ya wiki mbili mtoto akaacha kucheza, akazaliwa amefariki. Mimi sikuchanjwa mimba hii. Nitajuaje wangu ako sawa?"

Dadangu, pole kwa homa, na pole zaidi kwa mtoto wa dadako. Nimesoma swali lako mara mbili na nimeona wewe na wifi yako mnaogopa kitu kimoja, kwamba kirusi kimemwingia mtoto. Kila mama huniuliza hivyo, lakini ni kama unachunga dirisha na mwizi anatumia mlango. Korona ikimdhuru mtoto tumboni mara nyingi haimgusi yeye mwenyewe, inaanza na mama yake, pumzi yake, damu yake na presha yake, ama inaharibu kondo la nyuma, ile plasenta inayomlisha. Kirusi kupita hadi kwa mtoto hutokea lakini ni nadra, juu kinahitaji aina mbili za protini kwenye seli moja ndio kiingie vizuri, na kwenye kondo ni seli chache zilizo na zote mbili kwa pamoja. Kwa hivyo kujua mtoto ako sawa kunaanza na kujua wewe uko sawa, na hiyo ni habari njema, sababu wewe tunaweza kukupima.

Wacha nianze na dadako, maana najua hapo ndipo moyo uko. Julai 2021 hapa kwetu ilikuwa Delta, ile aina ya korona iliyoonekana Kenya kwanza Kisumu mwezi wa tano alafu ikashuka Nairobi, na hiyo aina ilikuwa mbaya kwa wajawazito kuliko zote tulizoona. Marekani walihesabu watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa hospitalini kati ya Machi 2020 na Septemba 2021. Kwa akina mama wasio na korona wakati wa kujifungua, watoto kama 6 kati ya 1,000 walizaliwa wamefariki. Kwa wenye korona ilikuwa kama 13, na Delta ilipotawala ikafika kama 27 kati ya 1,000. Soma hiyo namba pande zote mbili tafadhali. Ni zaidi ya mara 4 ya kawaida, hiyo si kitu cha kupuuza, lakini pia inamaanisha hata katika msimu mbaya kabisa zaidi ya watoto 970 kati ya 1,000 walizaliwa hai.

Kilichotokea ndani ya wale waliopoteza sasa kinajulikana, Ireland waliona kesi kadhaa mwanzoni mwa 2021 wakazichunguza vizuri, na nchi zingine zikafuata. Kirusi kinashambulia kondo lenyewe, utando wa damu iliyoganda unajaa katikati ya vile vinyweleo vinavyovuta hewa na chakula, seli zinakufa, na kondo linageuka gumu kama sponji iliyomwagiwa simiti. Mtoto anakosa oksijeni. Kirusi hakijamla mtoto, kimekata laini ya maji. Na mama anaweza kuwa na homa ya kawaida tu ya kukaa nyumbani, ndio maana dadako hakulazwa na bado ikatokea. Mwambie hivyo kama bado anajilaumu. Haikuwa baridi, haikuwa kazi aliyofanya, haikuwa mtu wa ploti aliyemwangalia vibaya. Nimeona akina mama wakibeba hiyo lawama miaka mingi na hakuna aliyewahi kuwaeleza kitu cha kondo.

Sasa wewe. Wewe si dadako na mwaka huu si 2021. Tangu aina ya Omicron iingie mwisho wa 2021 ugonjwa wenyewe umepungua makali, na sisi wengi miili yetu imeshakutana na hiki kirusi ama chanjo, mara moja ama mara tatu. Hatari kwa mjamzito haijaisha lakini imeshuka sana. Ile shida ya kondo ikitokea, huwa ni ndani ya wiki chache baada ya kuugua, kwa hivyo siku zako 10 ni dalili nzuri ila hujamaliza, wiki mbili tatu zinazokuja ndio nataka uwe macho. Si ati ukae na hofu, nataka tu ujue cha kuangalia.

Kwanza ni mchezo wa mtoto. Wiki ya 29 mtoto ako na ratiba yake, kuna wale wa saa nne usiku ukishalala, kuna wale wa kuamka mama akinywa chai. Jifunze ya wako. Watu hupenda kuambiwa namba, ati mateke 10 kwa masaa mawili, na si mbaya kama inakusaidia kukaa makini, lakini mimi naamini zaidi mama anayesema "leo hajacheza kama kawaida yake" kuliko mama aliyehesabu 10 na ilihali jana walikuwa 40. Mchezo ukipungua ama ukibadilika usingoje kesho, usinywe soda ukisubiri aamke, usiulize kwenye grupu la WhatsApp, toka uende hospitali wamsikilize moyo. Kama ni saa nane usiku, ni saa nane usiku. Hakuna nesi mwenye akili atakucheka ukipatikana mtoto ako sawa, na kama atakucheka mwache acheke.

Alafu presha. Hii watu hawaizungumzii na kwangu ndio ya pili kwa umuhimu. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa nchi 18 uliochapishwa 2021, ukiongozwa na watu wa Oxford, walifuata wajawazito 706 wenye korona na 1,424 wasio nayo. Wenye korona walipata presha kali ya mimba, ile inayoweza kufika kifafa cha mimba, mara 1.76 kuliko wenzao, na kujifungua kabla ya wakati mara 1.59. Waliokufa upande wa korona walikuwa 11, upande ule mwingine 1. Hizo ni za kabla chanjo ienee, usizichukue kama namba zako za leo, lakini zinakuonyesha njia ugonjwa unapopitia, inachokoza mishipa ya damu na kuifanya damu igande haraka, na mimba yenyewe tayari inafanya damu igande kwa urahisi. Kwa hivyo kliniki yako ya wiki ya 30, ambayo ni kama kesho kutwa, usiikose hata mvua ikinyesha vipi. Mwambie nesi umetoka kuugua korona lini, aandike kwenye kile kitabu cha mama na mtoto, upimwe presha na mkojo, apime tumbo na ile tepu aone mtoto anakua. Namba ya juu ya presha ikifika 140 ama ya chini ikifika 90, hapo hutoki bila daktari kukuona. Ukiwa nyumbani kichwa kikigonga na hakisikii paracetamol, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kufura ghafla, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo si uchovu wa korona, ni presha, nenda.

Skani ya ziada? Wengi huuliza na wengi wanauziwa. Kama hukulazwa na tumbo linakua vizuri na mtoto anacheza, kwa kawaida haihitajiki sababu ya korona peke yake. Ukiwa na pesa hiyo ningependelea ununue oksimita, kale kakifaa ka kubana kwa kidole. Mjamzito tunataka asome 95 kwenda juu, ikishuka 94 ukiwa umetulia ni hospitali, hata kama unajisikia poa. Sababu ni hii, mimba inasukuma ile misuli ya kupumulia juu na wakati huo huo mwili unatumia oksijeni kama asilimia 20 zaidi, kwa hivyo akiba yako ni ndogo na inaisha haraka. Ndio maana hata kabla ya Delta, takwimu za Marekani za 2020 zilionyesha mjamzito mwenye dalili za korona anaingia wodi ya mahututi mara 3 kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Huku kwetu nako, utafiti wa hospitali za nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliotoka 2022, ulikuta mimba inaongeza kama maradufu hatari ya kufa kwa mwanamke aliyelazwa na korona. Nilifanya kazi kwenye wodi ya akina mama miaka hiyo na nitakiri kitu, tuliogopa kuwapa wajawazito dawa ambazo wagonjwa wengine walikuwa wanapewa bila maswali, ile dexamethasone ilishajulikana tangu Juni 2020 inaokoa wanaohitaji oksijeni, na bado mtu anasimama kando ya kitanda akiuliza "lakini si ako na mimba?" Mama akikosa hewa mtoto pia anakosa. Ukiwahi kulazwa na mtu akakunyima matibabu akisema ni mimba, uliza kwa nini, na uulize tena.

Haya, mama mkwe na mwarobaini. Simdharau, 2020 nusu ya Nairobi ilikuwa chini ya blanketi na sufuria, hata mimi nyumbani nilipitishwa huko. Lakini mvuke hauui kirusi ambacho kiko ndani ya seli zako. Ukiwa na mimba, joto kali ndani ya blanketi linapandisha joto la mwili na linaweza kukuangusha presha ukaanguka, na kwa chumba kimoja na sufuria ya maji yanayochemka chini nimeona majeraha ya moto ambayo sitaki kuyaeleza. Kunywa mwarobaini ndio kabisa sitaki, hiyo haifai kwa mjamzito. Mwambie mama akuchemshie chai ya tangawizi na limau, aweke asali, hiyo naikubali na itampa kitu cha kukufanyia, maana kusema ukweli anachotaka ni kukusaidia. Homa ikirudi ni paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500, usipitishe vidonge 8 kwa masaa 24. Ibuprofen na diclofenac achana nazo miezi hii, zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Na zile antibiotiki unazopewa kwenye kikaratasi cha kaki hazitibu virusi, umezitupia pesa tu.

Kuhusu kasoro, wifi amekosea na nitamwambia vizuri. Viungo vya mtoto, moyo, midomo, miguu, vinaundwa wiki za kwanza kwanza, wewe umeugua wiki ya 28, hiyo kazi ilishaisha zamani. Na hata kwa walioambukizwa mapema, Norway, Sweden na Denmark waliangalia watoto zaidi ya 343,000 waliotungwa mimba kati ya 2020 na 2022 na hawakuona korona wala chanjo ya miezi mitatu ya kwanza ikiongeza kasoro za kuzaliwa.

Kuna kitu kimoja nitakuambia ili usije ukakisoma mahali ukapasuka moyo. Mwaka 2025 watafiti wa Boston walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 18,000 waliozaliwa wakati wa janga, wakaona wale ambao mama zao walipata korona na mimba waliandikiwa shida za ukuaji wa ubongo kufika miaka mitatu, kama kuchelewa kuongea, kwa asilimia 16.3, wengine 9.7. Wakishapunguza vitu vingine vinavyochanganya, tofauti ilibaki lakini ikawa ndogo zaidi. Huo ni uhusiano, si hukumu, na walikuwa watoto wa 2020 na 2021 ambao mama zao karibu wote hawakuwa na chanjo. Utafiti mwingine wa New York kwa watoto 255 uliona kitu tofauti, wa miezi sita waliozaliwa ndani ya janga walikuwa nyuma kidogo kuliko waliozaliwa kabla, iwe mama aliugua ama hakuugua, na hapo unaanza kufikiria kufungiwa nyumba, stresi, kazi kuisha, watoto kutoona nyuso. Kwangu hii inamaanisha jambo moja tu, usiache kliniki ya mtoto baada ya chanjo ya miezi tisa kama wengi wanavyofanya, na kama kufika mwaka na nusu haongei neno lolote usikubali kuambiwa "wavulana huchelewa."

Kunyonyesha, nyonyesha. Hapa sina mjadala. Hakuna ushahidi kwamba korona inapita kwa maziwa, na maziwa ya mama aliyeugua yanabeba kinga ya kumlinda mtoto. Wakati unajifungua utakuwa umepona zamani, lakini hata mama anayejifungua na korona siku hiyo hiyo, Shirika la Afya Duniani linasema avae maski, anawe mikono, amweke mtoto kifuani na anyonyeshe. Maski ni ya mama, usimvishe mtoto mchanga, atakosa hewa. Nakumbuka 2020 kuna hospitali moja ilikuwa inatenganisha mama na mtoto siku 14, mtoto anapewa maziwa ya kopo kwa chumba kingine, mama analia na matiti yamejaa, na sisi tunamwambia ni kwa usalama. Tulikosea. Ule ule utafiti wa nchi 18 haukuona kunyonyesha kukihusiana na mtoto kupata korona. Na korona peke yake si sababu ya kupasuliwa, kama hakuna kingine utasukuma mwenyewe.

Umesema hukuchanjwa, kama unaungama dhambi hivi. Usijali, umetoka kuugua na mwili umetengeneza kinga, sehemu yake inavuka kondo na kumfikia mtoto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni dozi moja kwa kila mimba, ongea na kliniki yako uone kama ipo na kama kuna haja kwako sasa baada ya kuugua, sioni haraka. Utasikia Marekani mwaka 2025 waziri wao wa afya aliondoa pendekezo hilo kwa wajawazito wenye afya, ni kweli, na chama chao cha madaktari wa uzazi kikapinga wazi wazi. Mimi niko na madaktari. Watoto chini ya miezi sita hawachanjwi korona, kinga yao ni ile ya mama, na Marekani waliona mama akichanjwa na mimba, mtoto kulazwa kwa korona miezi hiyo sita kunapungua, kama asilimia 61 kwa hesabu zao za kwanza. Hofu yenyewe ya chanjo na wajawazito si mpya hapa, 2014 tulikuwa na ule mvutano wa maaskofu wa Katoliki kudai chanjo ya pepopunda inazuia uzazi, na bado sindano ya pepopunda unadungwa kila mimba na watoto wako hai.

La mwisho la maana ni usiku. Wakati wa kafyu, ile iliyoanza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, akina mama walikuwa wanaumwa na uchungu na hakuna gari linalokubali kutoka, mpaka Dkt. Jemimah Kariuki akaanzisha Wheels for Life ya kuwabeba wajawazito usiku bila malipo. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021 lakini Pipeline saa nane usiku bado ni Pipeline saa nane usiku, ukiwa gorofa ya saba na ngazi hazina stima. Ongea na mtu mmoja wa teksi sasa, si siku hiyo, awe na namba ya mumeo, jueni ni hospitali gani mtaenda iliyo na thieta na oksijeni inayofanya kazi, na angalia mambo ya SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, yawe yamelipwa. Lala kwa ubavu kuanzia sasa, kushoto ama kulia haijalishi, usilale chali, baada ya wiki 28 tumbo linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo. Ukiamka umejikuta chali geuka tu, usianze kulia.

Kuhusu uchovu, mpe mwili wiki kadhaa, kula ndengu na mboga na mayai, meza zile tembe za damu. Lakini mguu mmoja ukifura na kuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti, ama ukose pumzi ghafla na kifua kichome, hiyo ni damu imeganda, usilale nayo.

Na hiyo oksimita ukiinunua, toa rangi ya kucha kwanza, juu mama mmoja wa Kasarani alikuja mbio kwangu na gari la kukodi akisoma 88, kumbe ni kyuteksi nyeusi.